Kamera yangu mpya ya filamu ina kasoro, au ni wasiwasi wangu tu?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiishi Hamburg, Ujerumani, ambako ninafanya kazi ya uuguzi. Baada ya kujibana kwa miaka miwili nimenunua kamera mpya ya filamu ya milimita 35, aina ya renjifainda, yaani inayolenga kwa kukutanisha picha mbili ndani ya kitundu cha kutazamia, pamoja na lenzi yake ya milimita 50 ambayo tundu lake hufunguka hadi f/2. Ni kamera ya kimakanika, yaani betri yake inahudumia kipima mwanga tu. Kwa bei yake ningeweza kumaliza kuezeka nyumba ya mama, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Niliiagiza kwenye duka la mtandaoni la hapahapa Ujerumani, ikafika Alhamisi iliyopita, na leo ni Jumatatu.

Nimeinunua kwa ajili ya bibi yangu mzaa mama, mwenye umri wa miaka 88. Baada ya wiki tano nitakwenda Pangani kwa likizo, na nimekusudia kumpiga picha akiwa barazani kwake anasuka ukili, ili negativu zake zibaki na ukoo wetu hata simu zetu zote zikipotea. Sina uhakika kama nitapata nafasi nyingine ya namna hiyo.

Tangu kamera ifike nimeona mambo manne. Ndani ya kitundu cha kutazamia mna vumbi, chembe tatu au nne. Nikiweka shata, yaani mapazia yanayofungua na kufunga njia ya mwanga kuelekea filamu, kwenye kasi ya polepole, kama 1/8 au sekunde moja, nasikia mlio wa kukereza kama wa saa ya mezani ya zamani. Mkono wa kuvutia filamu ni mzito kidogo mwanzoni. La nne ndilo linalonitia hofu zaidi: nikilenga mnara ulio mbali, zile picha mbili za katikati ambazo zinapaswa kukutana na kuwa moja hazikai sawasawa, bali moja inabaki juu kidogo ya nyingine.

Rafiki yangu mmoja ananiambia nisithubutu kutia filamu, kwani nikiitia kamera itahesabiwa kuwa imetumika na duka litakataa kuipokea. Mwingine anasema kamera ya bei hii haiwezi kutoka kiwandani na kasoro, na kwamba ninajitafutia maradhi ya bure. Naomba unielekeze namna ya kuikagua, nini nikubali na nini nisikubali, na kama ni salama kutia filamu.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Hamburg

*

Marahaba, binti yangu.

Hujitafutii maradhi. Kamera za aina yako huunganishwa na kurekebishwa na mikono ya mafundi, kipande kwa kipande, na bei kubwa hulipia ustadi huo bila kuondoa uwezekano wa mkono kuteleza, wala hailindi kamera isitikisike njiani baada ya kutoka kiwandani. Mimi mwenyewe, nilipokuwa bado studioni Tanga, niliwahi kwenda na kamera mpya kwenye harusi bila kuijaribu hata kwa filamu moja. Picha za nje, zilizopigwa juani kwa kasi kubwa, zilirudi zote zikiwa na giza upande mmoja, na bi harusi alikuwa upande huo. Sijasahau uso wa mama yake nilipompelekea bahasha. Kwa hiyo nitakujibu kama ambavyo ningetaka mtu anijibu mimi kabla ya siku ile.

Nianze na yale manne. Chembe chache za vumbi ndani ya kitundu cha kutazamia hazifiki kwenye picha, kwa sababu mwanga unaochora filamu haupiti humo. Unachopaswa kukataa ni ukungu, ufa, alama ya gundi, au mistari ya fremu iliyopinda au iliyofifia upande mmoja. Mlio wa kukereza katika kasi za polepole nao ni halali kabisa, kwani ni sauti ya mtambo mdogo wa gia unaochelewesha pazia la pili la shata, na ungepaswa kuingiwa na wasiwasi iwapo usingeusikia, au ungeusikia ukikatika katikati kama mtu mwenye kwikwi. Mkono wa kuvutia filamu ulio mzito mwanzoni tuuache mpaka uwe na filamu ndani, maana bila filamu hauonyeshi tabia yake yote. Ukikwama mahali palepale kila unapouvuta, andika.

Hizo picha mbili zisizokutana ni jambo la kweli, nami nakupongeza kwa kuliona. Hata hivyo kuna makosa ya aina mbili yanayofanana machoni. Moja ni la wima, ambapo picha moja iko juu ya nyingine kama ulivyoeleza. La pili ni la mlalo, ambapo moja iko kushoto au kulia ya nyingine hata baada ya kuzungusha lenzi mpaka mwisho wa alama ya umbali usio na kikomo. Kosa la wima linachosha jicho na linafanya kulenga kuwe kwa kubahatisha, lakini peke yake haliharibu ukali wa picha, ilhali la mlalo ndilo linaloleta picha zenye ukungu hali wewe uliona umelenga vizuri. Rudia kipimo chako ukiwa umeweka jicho katikati kabisa ya kitundu, bila miwani kama unaweza, kwa sababu jicho lililokaa pembeni hudanganya. Hapo Hamburg mna mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli wenye kimo cha mita 132, ambao ukitazamwa kutoka ng'ambo ya mto Elbe unafaa sana kwa kazi hii, kwani uko mbali na kingo zake ni kali. Zungusha lenzi mpaka mwisho. Mstari wa wima wa mnara ukibaki mmoja, mlalo uko salama. Kisha tafuta mstari uliolala, kama ukingo wa paa, nao utakuonyesha kosa la wima bila ubishi. Ukiwa na lenzi ya pili, hata ya kuazima, rudia nayo, kwa kuwa lenzi ndiyo inayoisukuma kamera kujua umbali, na kosa la mlalo likitoweka kwa lenzi ya pili basi mgonjwa si kamera bali ni ile lenzi ya kwanza.

Pengine utaonyeshwa skrubu unayoweza kuizungusha ili picha zikutane. Usiiguse. Ukiigusa utakuwa umefuta ushahidi wako mwenyewe, na muuzaji atakuwa na haki ya kusema kuwa kosa ni lako.

Sasa habari ya kutia filamu. Rafiki yako amechanganya haki mbili ambazo ni lazima uzitenge. Haki ya kwanza ni ya kubadili nia. Kwa kuwa uliagiza mtandaoni, sheria za Umoja wa Ulaya zinakupa siku 14 tangu kuipokea bidhaa kulijulisha duka kwamba unairudisha, bila kutoa sababu yoyote. Katika muda huo unaruhusiwa kuijaribu kamera kwa kadiri ambavyo ungeijaribu dukani, na ukiitumia kupita hapo, duka linaweza kukata sehemu ya fedha kwa ajili ya thamani iliyopungua. Haki ya pili ni ya kasoro, nayo ni tofauti kabisa. Muuzaji anawajibika kwa bidhaa iliyokuwa na kasoro kwa muda wa miaka 2, na nchini Ujerumani, kwa ununuzi uliofanyika tangu Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kuwa ilikuwapo tangu siku uliyokabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Haki hii haipotei kwa sababu umetia filamu, maana kamera ya filamu haina njia nyingine ya kuonyesha kama inafanya kazi.

Umebakiwa na siku 10. Ushauri wangu ni kwamba leo na kesho ufanye ukaguzi wa mkavu, yaani bila filamu, na keshokutwa utie filamu moja tu ya majaribio. Usiipeleke kwenye yale maduka ya vipodozi yanayokusanya filamu na kuzituma kwenye maabara za mbali, kwani zinaweza kuchukua wiki au zaidi. Tafuta maabara ya jijini inayosafisha filamu nyeusi na nyeupe kwa siku mbili au tatu.

Ukaguzi wa mkavu hauna mambo mengi. Linganisha namba ya kamera na ile iliyo kwenye sanduku na kwenye karatasi ya dhamana, tazama kama ngozi ya nje imegandishwa mpaka kwenye kingo na kama kifuniko kinafunga bila kulegea, kisha elekeza kipima mwanga kwenye ukuta ulioangazwa sawasawa na ukilinganishe na kamera nyingine unayoiamini. Tofauti ya nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua kwa nusu) isikusumbue, ilimradi iwe ileile kwenye mwanga mkali na kwenye mwanga hafifu.

Shata ndiyo inayodai muda wako. Chukua simu yenye uwezo wa kurekodi video ya fremu 240 kwa sekunde, ondoa lenzi, fungua mgongo wa kamera, weka karatasi nyeupe iliyoangazwa na mwanga wa dirishani mbele ya kamera, na urekodi ukiwa nyuma yake. Kisha hesabu fremu ambazo sehemu ya katikati ya dirisha la filamu inaonekana wazi: kasi ya sekunde moja ikupe fremu zinazokaribia 240, ya 1/8 ikupe kama 30, na ya 1/30 ikupe kama 8. Zaidi ya hapo simu haina kauli, kwani kwa kasi ya 1/1000 kila sehemu ya filamu hupata mwanga kwa muda mfupi kuliko fremu moja ya video. Usifanye jaribio hili chini ya taa za LED, kwa sababu taa nyingi za umeme hupepesa mara 100 kwa sekunde na zitakuonyesha mistari ambayo haimo katika kamera. Baada ya hapo, usiku, zima taa chumbani, vuta shata bila kuifyatua, na umulike pazia kwa mbele kwa tochi ya simu huku ukitazama kwa nyuma. Usione hata nukta moja ya mwanga. Mapazia ya kamera nyingi za aina hii ni ya kitambaa kilichopakwa mpira, kwa hiyo usiyaguse kwa kidole, usiyapulizie hewa ya kopo, na katika maisha yako yote na kamera hiyo usiiache juani lenzi ikiwa wazi na imeelekea jua, maana lenzi hukusanya miali na kuchoma kitambaa kama kioo kinavyochoma karatasi. Huko Pangani hilo litakuwa jambo la dakika chache.

Kwa filamu ya majaribio, nunua nyeusi na nyeupe ya ISO 100 (hicho ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), kama Ilford Delta 100 au Kodak T-Max 100. Mara baada ya kuitia, angalia kama kile kitufe cha kurudishia filamu kinazunguka kila unapovuta mkono, kwa kuwa kisipozunguka, filamu haitembei na utapiga hewa. Chagua siku yenye mawingu mazito, ambayo Hamburg hamna uhaba nayo, na ukuta wa rangi moja usio na kivuli. Anza na 1/1000 kwa f/2, halafu 1/500 kwa f/2.8, 1/250 kwa f/4, 1/125 kwa f/5.6, 1/60 kwa f/8, 1/30 kwa f/11, umalizie na 1/15 kwa f/16, ukiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Kila fremu imepata kiasi kilekile cha mwanga, kwa hiyo zote saba zinapaswa kuwa na weusi unaofanana. Rudia mfululizo huo mara mbili, kwani kuna shata inayokosea mara moja katika mara tano.

Hapa ndipo ile harusi yangu ilipoharibika. Kwa kasi kubwa mapazia mawili hukimbia yakiwa yameacha mwanya mwembamba baina yao, na pazia la pili likikimbia zaidi ya la kwanza, mwanya unazidi kupungua kadiri unavyosafiri, mpaka upande wa mwisho wa picha unabaki gizani. Usichanganye kosa hilo na ule weusi wa pembe nne unaoletwa na lenzi yoyote ikifunguliwa hadi f/2. Weusi wa lenzi unalingana pande zote na hutoweka ukifunga tundu, ilhali wa shata hukaa upande mmoja tu.

Fremu zinazofuata zitumie kupima ulengaji. Bandika gazeti ukutani, simama ulielekee kwa mshazari, pima umbali wa mita 1, fungua lenzi hadi f/2, lenga mstari mmoja uliouwekea alama, upige fremu tatu, kila mara ukiilegeza lenzi na kulenga upya. Kwa lenzi ya milimita 50 katika umbali huo, eneo lililo kali halizidi sana sentimita 5 kwa kina, kwa hiyo mstari uliowekewa alama ukiwa na ukungu na wa mbele au wa nyuma yake ukiwa mkali, kosa litajitaja lenyewe. Ukishafika katikati ya filamu, funika lenzi kwa kifuniko chake, itoe kamera nje, uigeuzegeuze kwenye mwanga pande zote kwa dakika tano, kisha uendelee kupiga. Mwanga ukivuja, utauona kama doa jeusi kwenye negativu, mara nyingi likivuka mpaka kwenye matundu ya pembeni, mahali ambapo picha haifiki.

Maabara waombe mambo mawili: wasiikate filamu, na wakupe negativu zenyewe. Ukipewa picha zilizoskaniwa tu, huna ushahidi, kwa sababu mashine ya kuskani husawazisha mwanga wa kila fremu yenyewe na kuficha tofauti ambayo umeitafuta kwa siku tatu. Itandaze filamu nzima juu ya skrini nyeupe ya tarakilishi na uitazame kwa kioo cha kukuzia. Nafasi baina ya fremu ikaribie milimita 2. Oskar Barnack, aliyebuni kamera ya Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925, alichukua filamu ya sinema na kuiongeza fremu yake maradufu, kutoka matundu manne ya pembeni hadi manane, na hesabu hiyo ndiyo tunayoitumia mpaka leo: matundu manane ni milimita 38, picha inachukua 36. Nafasi zikipishana kidogo si neno, lakini fremu zikipandana, gia ya kuvutia filamu ina tatizo. Mkwaruzo mmoja mrefu unaopita fremu zote kwenye mstari uleule unaweza kutoka kwenye kamera, kwenye mdomo wa kopo la filamu, au maabara, kwa hiyo kabla ya kuilaumu kamera pitisha filamu nyingine isiyo na thamani, itoe, na uikague bila kuisafisha.

Fanya haya yote kabla ya safari, wala usiseme utajaribu ukifika nyumbani. Viwanja vya ndege vingi vya Ulaya sasa vina mashine za kukagua mizigo za CT, yaani zenye mionzi mikali ya X-ray, ambazo huacha ukungu kwenye filamu isiyosafishwa, na ukijaribu kamera kwa filamu iliyopita humo hutajua ukungu umetoka wapi. Filamu za bibi zibebe mkononi katika mfuko unaoonyesha ndani, na uombe kwa adabu zikaguliwe kwa mkono.

Sasa nitoe hukumu yangu kuhusu kamera yako. Kama kosa la wima litathibitika kwa jicho lililokaa sawa, mimi nisingelikubali, hata kama picha zitatoka kali. Kamera ya zamani iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine ningeivumilia, lakini hii umeilipia ili ifike ikiwa imerekebishwa. Liandikie duka kwa maandishi kabla ya siku 14 kwisha, ukieleza kosa na kuambatisha picha iliyopigwa kwa simu kupitia kitundu cha kutazamia, pamoja na nakala ya risiti. Sheria inakupa nafasi ya kudai ukarabati au kubadilishiwa. Kwa watu wengine ningeshauri ukarabati, kwa kuwa fundi aliyeigusa kamera moja kwa makini mara nyingi huiacha bora kuliko ile inayotoka sandukuni. Kwako wewe, mwenye wiki tano na bibi wa miaka 88, dai ubadilishiwe, na duka likisema halina nyingine tayari, tumia haki yako ya kurudisha na ununue kwingine, maana ukarabati unaweza kuchukua wiki nyingi na hakuna atakayekuahidi tarehe.

Kamera itakayokuja badala yake nayo ipitishe kwenye ukuta uleule, kwa filamu aina ileile na kasi zilezile, kisha linganisha negativu za kamera zote mbili. Nisalimie bibi, na mwambie asimalize ukili wote kabla hujafika.